Aliyekiri Kosa Mahakamani Aweza Bado Kukata Rufani

Katika nyumba nyingi za Busoga na Bugisu, na katika kambi za askari vilevile, watu wakisikia kwamba ndugu yao amekiri kosa mbele ya hakimu, hukata tamaa papo hapo. Husema, "Amekiri kwa kinywa chake mwenyewe, maji yakimwagika hayazoleki." Mama huanza kukusanya sabuni na blanketi za kupeleka gerezani Kirinya au Maluku, baba huuliza nauli, na siku hupita. Zikiisha siku 14, mlango ambao sheria iliuacha wazi huwa umefungwa, na wale waliokuwa na haki ya kuupita hawakujua hata kwamba upo.

Makusudi ya makala haya ni kuueleza mlango huo: ni mwembamba kiasi gani, ni nani awezaye kuupita, na yampasa afanye nini. Hatusemi kwamba kila aliyekiri kosa ameonewa. Wako wengi wanaokiri kwa sababu kweli walitenda, nao hufanya vema, maana humwondolea aliyedhulumiwa taabu ya kuitwa na kuulizwa mara kwa mara, na mahakama hulihesabu jambo hilo wakati wa kupima adhabu. Tunasema tu kwamba sheria haitazami neno "ndiyo" peke yake. Hutazama kama aliyelitamka alielewa alichoulizwa, na kama alilitamka kwa hiari yake.

SHERIA YASEMAJE

Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya Uganda yasema kwamba mtu aliyekiri kosa, na akatiwa hatiani kwa kukiri huko, hana rufani isipokuwa juu ya mambo mawili. La kwanza ni uhalali wa kule kukiri kwenyewe. La pili ni ukubwa au uhalali wa adhabu aliyopewa.

Maana yake ni hii. Aliyekiri hawezi kwenda mbele ya jaji na kusema kwamba shahidi fulani alikuwa mwongo, kwa sababu hakuna shahidi aliyesikilizwa. Wala hawezi kusema kwamba amebadili nia kwa kuwa kifungo kimekuwa kirefu kuliko alivyotazamia. Lakini aweza kusema, "Kile kilichoandikwa kuwa ni kukiri kwangu, hakikuwa kukiri." Na aweza kusema, "Kosa nalikubali, lakini adhabu imezidi kipimo cha sheria."

Sheria za jirani zetu wa Kenya na Tanzania ni kali zaidi kwa maneno, kwa kuwa zinataja adhabu tu. Hata hivyo mahakama za nchi hizo zimekubali siku zote kwamba kukiri kusiko halali si kukiri, na kwamba aliyefungwa kwa njia hiyo hana budi kusikilizwa. Huko Tanzania, katika shauri la mwaka 1983 linalojulikana kwa jina la Mpinga, mahakama ilitaja sababu nne zinazoweza kumpa rufani mtu aliyekiri. Kwanza, kwamba kukiri kwake kulikuwa na mashaka au hakukukamilika. Pili, kwamba alikiri kwa kukosea au kwa kutoelewa. Tatu, kwamba hati ya mashitaka haikutaja kosa lolote linalojulikana na sheria. Nne, kwamba hata mambo yote aliyoyakubali yakichukuliwa kuwa ya kweli, kisheria hayatoshi kumtia hatiani. Msomaji wa Jinja au Mbale aweza kuzitumia sababu hizo nne kama kipimo cha kujiulizia jambo la ndugu yake, kabla hajamwendea wakili.

KUKIRI KULIKO HALALI

Tangu zamani mahakama za Afrika ya Mashariki zimekuwa na hadhari kubwa juu ya jambo hili. Mwaka 1942 Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki, katika shauri la Mfalme dhidi ya Yonasani Egalu na wenzake, ilifundisha kwamba haitoshi mshitakiwa kuulizwa kwa jumla kama anakubali. Yafaa aelezwe kila sehemu ya kosa, aulizwe kama anaikubali au anaikataa, na majibu yake yaandikwe kwa namna itakayomridhisha jaji wa rufani kwamba mtu huyu alielewa.

Mwaka 1973 mahakama hiyohiyo, katika shauri la Adan, iliupanga utaratibu huo hatua kwa hatua. Mahakama za Uganda, Kenya na Tanzania zinaufuata hata leo. Yafaa kila familia iujue, maana ndio ufunguo wa rufani nyingi.

Hatua ya kwanza, shitaka na sehemu zake zote lisomwe na kuelezwa kwa mshitakiwa katika lugha yake, au katika lugha anayoielewa. Hatua ya pili, maneno anayojibu yaandikwe kadiri iwezekanavyo kama alivyoyasema, na kama ni kukiri, iandikwe kwamba amekiri. Hatua ya tatu, mwendesha mashitaka aeleze jinsi mambo yalivyotokea, na mshitakiwa apewe nafasi ya kuyapinga, kuyafafanua au kuongeza lililosahauliwa. Hatua ya nne, mshitakiwa asipoyakubali maelezo hayo, au akitoa neno lenye kutia shaka juu ya hatia yake, jibu lake liandikwe na kule kukiri kubadilishwe kuwa kukana, ili kesi isikilizwe kwa mashahidi. Hatua ya tano, ikiwa hakuna mabadiliko, ndipo hatia iandikwe, na mambo yahusuyo adhabu yaelezwe pamoja na jibu la mshitakiwa.

Mwaka huohuo wa 1973 iliamuliwa pia, katika shauri la Kamundi, kwamba mshitakiwa aweza kuomba kubadili kukiri kwake wakati wowote kabla adhabu haijatolewa, na mahakama ina uwezo wa kumkubalia. Kwa hiyo ndugu aliyekiri leo na kuambiwa arudi wiki ijayo kupewa adhabu, bado ana nafasi ya kusema ndani ya mahakama ileile, kabla mambo hayajafika kwenye rufani.

"NDIYO" YENYE "LAKINI"

Tuchukue mifano michache ya kubuni, ili jambo liwe wazi.

Kijana ameshitakiwa kwa wizi wa baiskeli. Anajibu, "Ndiyo, niliichukua, lakini ilikuwa yangu, nilimwazima tu." Wizi katika sheria si kuchukua tu. Ni kuchukua kwa hila, pasipo kudai haki juu ya kitu hicho. Kijana huyu amekubali kuchukua, na amekataa kuiba. Hakimu akiandika kwamba amekiri, ameandika jambo ambalo halikusemwa.

Mwanamke ameshitakiwa kwa kupokea mali ya wizi. Anajibu, "Ni kweli simu ilikutwa kwangu, niliinunua sokoni." Kosa hilo lina sehemu ya moyoni: ni lazima awe alijua, au alikuwa na sababu ya kuamini, kwamba mali ile iliibwa. Jibu lake halisemi hivyo. Kukiri huko hakukukamilika.

Mlinzi wa usiku ameshitakiwa kwa kumjeruhi mtu. Anajibu, "Nilimpiga kweli, kwa sababu alinijia na panga." Hapo amekubali pigo, na papo hapo ametoa utetezi wa kujilinda. Jibu la namna hii ni la kukana, hata kama limeanza kwa neno "kweli".

Mara nyingine "lakini" haitoki mwanzoni. Hutoka wakati maelezo ya mwendesha mashitaka yamekwisha kusomwa, au wakati mshitakiwa anaomba huruma. Mtu aliyekiri saa tatu aweza kusema saa nne, akiomba apunguziwe adhabu, neno lenye kuonyesha kwamba hakutenda kosa. Hakimu mwangalifu hurudi nyuma na kuandika kwamba amekana. Asipofanya hivyo, neno hilo lililoandikwa katika mwenendo wa kesi ndilo litakalosemea rufani.

LUGHA NA ADABU ZETU

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika kifungu cha 28, yaagiza kwamba mshitakiwa aelezwe shitaka lake katika lugha anayoielewa, na kwamba apewe mkalimani bila malipo kama haielewi lugha ya mahakama. Lugha ya mahakama zetu ni Kiingereza. Lakini Jinja ni mji uliokusanya watu wa kazi kutoka kila upande, na katika chumba kimoja cha mahakama waweza kumkuta anayesema Kisoga, anayesema Kigisu, anayesema Kiteso, na askari aliyezoea Kiswahili cha kambini.

Ukalimani una mitego yake. Mtego mmoja ni wa neno "ndiyo" lenyewe. Mswahili akiulizwa, "Wewe hukuiba?" akajibu, "Ndiyo," maana yake ni kwamba hakuiba. Mwingereza akijibu hivyo, husikika kinyume. Mkalimani mwenye haraka akiuliza kwa kukanusha na kupeleka kwa hakimu neno moja tu, amekwisha kumfunga mtu asiye na hatia.

Mtego wa pili ni wa adabu. Katika nyumba zetu, mdogo akiwa mbele ya mkubwa husema, "Nimekosa, nisamehe," hata kama anajua kwamba hakukosa, ili hasira ipoe na watu wakae wazungumze. Hiyo ni heshima, na twawalea watoto wetu hivyo. Lakini hakimu si baba wala mjomba. Mahakamani "nimekosa" huandikwa kama lilivyo, na mbele yake huandikwa miaka. Wazazi wawafundishe vijana tofauti ya mahali hapa pawili: nyumbani neno hilo huleta suluhu, mahakamani hufunga kesi.

Asiyeelewa aseme kwamba hakuelewa. Kuuliza si ujinga, na mahakama haiwezi kumwadhibu mtu kwa kuomba aelezwe tena.

WOGA, NA FUNZO LA NALUFENYA

Kukiri kwaweza kuwa na maneno yaliyo wazi na bado kukakosa uhalali, kwa sababu aliyekiri hakuwa huru. Hapa ndipo jina la Nalufenya linapoingia. Ni mtaa wa mji wa Jinja, karibu na mto Nile, wenye kituo cha polisi ambacho kwa muda kilitumiwa kuwaweka watuhumiwa wa makosa makubwa kutoka sehemu mbalimbali za nchi. Baada ya kuuawa kwa ofisa mkuu wa polisi Andrew Felix Kaweesi tarehe 17 Machi 2017, baadhi ya watuhumiwa waliwekwa hapo. Mwezi wa Mei 2017 walipofikishwa mahakamani Nakawa, walimwonyesha hakimu majeraha mwilini mwao na kusema kwamba waliteswa. Baadaye mwaka huo Mahakama Kuu iliamuru walipwe fidia. Mwezi wa Aprili 2018, Inspekta Jenerali wa Polisi Martin Okoth Ochola alikifunga kituo hicho kama mahali pa kuwekea watuhumiwa wa namna hiyo, na Nalufenya ikabaki kituo cha kawaida cha polisi.

Yapasa tutofautishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kukiri polisi si sawa na kukiri mahakamani. Maungamo yaliyotolewa kwa askari hayapokelewi kuwa ushahidi isipokuwa yametolewa mbele ya ofisa wa polisi mwenye cheo cha Inspekta Msaidizi au zaidi, au mbele ya hakimu. Na hata yakitolewa mbele yao, yakiwa yamepatikana kwa nguvu, vitisho au ahadi, hayafai. Aliyeungama polisi kwa kupigwa ana haki kamili ya kukana mahakamani, na maungamo yale hayamzuii.

Hatari ni pale woga unapomfuata mtu kutoka mahabusu mpaka kizimbani. Askari aliyemhoji amesimama mlangoni. Amekwisha kuambiwa, "Kubali tu, utapewa faini urudi nyumbani," au, "Ukikana, tutarudi pamoja." Anakiri, na faini haiji. Kukiri kwa namna hiyo si kwa hiari, na aliyekumbwa nako aweza kukupinga kwa rufani. Lakini ajue kwamba jaji wa rufani husoma kwanza karatasi. Kwa hiyo aliyeteswa au kutishwa na amwambie hakimu siku ileile, amwonyeshe alama, aombe iandikwe na apelekwe kwa daktari. Jambo lililoandikwa siku hiyo lina nguvu kuliko kiapo cha mwaka wa pili.

Sheria nazo zimeongezwa meno. Sheria ya Kuzuia na Kupiga Marufuku Mateso ya mwaka 2012 yampa mtesaji kifungo cha mpaka miaka 15, na haimwachii askari kusema kwamba aliamriwa na mkubwa wake. Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Binadamu ya mwaka 2019 yamtwika mtumishi wa umma aliyevunja haki ya mtu dhima yake binafsi. Tena yasema kwamba, ikithibitika katika kesi kuwa haki zisizoweza kuondolewa zilivunjwa, kama vile haki ya kutoteswa, kesi hiyo itangazwe kuwa batili na mshitakiwa aachiliwe.

KUKIRI KWA MAPATANO

Tangu mwaka 2014 mahakama za Uganda zilianza kujaribu njia ya mshitakiwa na mwendesha mashitaka kupatana juu ya kosa na adhabu, na mwaka 2016 zikatolewa kanuni zake. Njia hii imewasaidia wengi waliokaa mahabusu muda mrefu. Lakini yataka macho mawili. Kwa mujibu wa kanuni hizo, jaji hana budi kumweleza mshitakiwa kwamba akikubali mapatano anaacha haki yake ya kukata rufani, isipokuwa juu ya uhalali au ukali wa adhabu, au kama jaji ametoa adhabu nje ya yale yaliyopatanwa. Naye jaji aweza kuyakataa mapatano akiona kwamba yataleta dhuluma.

Kwa hiyo ndugu aliye gerezani asitie sahihi kwa kufuata wenzake wa chumba kimoja. Asomewe hati yote katika lugha yake, aulize ni miaka mingapi, na aulize kama miaka aliyokwisha kukaa mahabusu imehesabiwa.

ADHABU ILIYOZIDI

Hata aliyekiri kwa haki na kwa hiari aweza kukata rufani juu ya adhabu. Jaji wa rufani hataigusa kwa sababu tu kwamba yeye angetoa ndogo zaidi. Ataigusa ikiwa haimo katika sheria, au ni kubwa mno kupita kiasi, au hakimu aliacha jambo muhimu.

Jambo moja ambalo familia yaweza kulipima nyumbani kwa kalamu na karatasi ni siku za mahabusu. Katiba, kifungu cha 23, yaagiza kwamba muda mtu aliokaa mahabusu kabla ya hukumu utiliwe maanani katika kifungo. Mwezi wa Machi 2017 Mahakama ya Juu, katika shauri la Rwabugande, ilisema kwamba kutilia maanani ni kutoa kwa hesabu, si kutaja kwa mdomo. Ikiwa hakimu ameona kwamba kosa lastahili miaka 12, na mfungwa amekaa mahabusu miaka 3 na miezi 2, basi kinachobaki cha kutumikia ni miaka 8 na miezi 10. Tarehe ya kukamatwa na tarehe ya hukumu ziandikwe na kuhifadhiwa katika kila nyumba yenye mtu gerezani.

LA KUFANYA NDANI YA SIKU 14

Rufani ya jinai huanza kwa taarifa ya maandishi, iliyotiwa sahihi na mkata rufani au wakili wake, na kupelekwa mahakamani katika siku 14 tangu siku ya hukumu. Si lazima taarifa hiyo iwe ndefu. Inatosha kutaja jina, namba ya kesi, mahakama, tarehe ya hukumu, na kwamba mtu huyu anakusudia kukata rufani.

Aliyefungwa asiseme kwamba hana njia. Aweza kumkabidhi mkuu wa gereza karatasi zake, naye mkuu wa gereza ana wajibu wa kuzipeleka mahakamani. Jamaa wanaokwenda kumtazama wamuulize swali hilo kwanza kabla ya habari za nyumbani: "Je, umekwisha kutia sahihi taarifa ya rufani?"

Aliyehukumiwa na hakimu wa daraja la pili hukata rufani kwa Hakimu Mkuu. Aliyehukumiwa na hakimu wa daraja la kwanza, au na Hakimu Mkuu, hukata rufani Mahakama Kuu, ambayo ina vituo vyake Jinja na Mbale. Aliyehukumiwa na Mahakama Kuu hukata rufani Mahakama ya Rufani.

Pamoja na taarifa hiyo, iombwe kwa maandishi nakala ya mwenendo wa kesi. Hiyo ndiyo roho ya rufani ya aliyekiri. Humo mtazamwe mambo haya. Lugha gani ilitumika, na mkalimani alikuwa nani? Maneno ya mshitakiwa yameandikwa, au limeandikwa tu kwamba amekiri? Maelezo ya mwendesha mashitaka yalisomwa, na je, mshitakiwa aliulizwa kama anayakubali? Alisema nini alipoomba kupunguziwa adhabu? Pengo katika mojawapo ya mambo hayo laweza kuwa sababu ya rufani.

Kama siku 14 zimepita, aweza kuomba aongezewe muda kwa kueleza sababu ya maana, na kucheleweshewa nakala za mahakama ni mojawapo ya sababu zinazokubalika. Vilevile Mahakama Kuu ina uwezo wa kuliita jalada la mahakama ya chini na kuisahihisha hitilafu iliyomo. Asiye na fedha za wakili aende kwenye mradi wa msaada wa kisheria wa Chama cha Wanasheria cha Uganda, au FIDA kwa akina mama, au amwone ofisa wa ustawi wa gereza.

Yafaa pia watu wasitazamie kupita kiasi. Rufani ikikubaliwa kwa sababu kukiri hakukuwa halali, hatia hufutwa, lakini mara nyingi mahakama huamuru kesi ianze upya, na shitaka lisomwe tena kama inavyopasa. Huachilia moja kwa moja pale inapoona kwamba kuanza upya kutakuwa dhuluma kwa mshitakiwa, kwa mfano akiwa amekwisha kutumikia sehemu kubwa ya kifungo. Kwa hiyo familia ijiandae kwa mashahidi na kwa utetezi, isijiandae kwa karamu tu.

NENO KWA ASKARI WETU

Mwanajeshi anayeshitakiwa katika mahakama za kijeshi ana ngazi zake. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama ya Juu iliamua kwamba raia wasihukumiwe katika mahakama za kijeshi kama zilivyokuwa zimeundwa, na mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria ya kurekebisha mambo ya mahakama hizo. Mwanajeshi mwenye kesi, au mke wake, amwone ofisa wa sheria wa kikosi na kuomba asomewe vifungu vilivyorekebishwa. Haki ya kuelewa shitaka na ya kutoteswa ni ya kila mtu, avae gwanda au asivae.

Kwa askari polisi neno letu ni la kikazi. Upelelezi waweza kuchukua miezi, mashahidi wakafuatwa mpaka vijijini Kapchorwa na Bududa, kielelezo kikatunzwa vizuri, kisha kazi yote ikaporomoka kwa sababu mtuhumiwa alisukumwa akubali ili kesi iishe mapema. Rufani ikishinda, aliyedhulumiwa huitwa tena baada ya miaka, shahidi amehama, na kielelezo kimepotea. Mwizi wa kweli aweza kupona kwa njia hiyo, na mtu aliyeibiwa akakosa haki yake. Askari anayemwacha mtuhumiwa aseme neno lake mwenyewe, kwa lugha yake mwenyewe, anailinda kesi yake.

Nasi tulio nyumbani tuna wajibu wetu. Ndugu akifikishwa mahakamani, aende mtu wa kumsikiliza, achukue kalamu, aandike namba ya kesi, jina la mahakama, tarehe, lugha iliyotumika na maneno aliyoyasema. Ukurasa mmoja wa daftari, ulioandikwa siku hiyohiyo, utamsaidia wakili kuijua kesi kabla jalada halijafika, na zile siku 14 zitahesabiwa tangu siku ya kwanza.